Dirisha la plastiki halishiki kutu, mkono wake ndio unaoliwa

Mama anakaa Likoni, ghorofa ya pili, nyumba inayotazama upande wa Shelly Beach. Februari nilikwenda kumwamkia nikamkuta amefunga dirisha la chumba chake kwa kipande cha leso. Simaanishi pazia, namaanisha dirisha lenyewe. Mkono wake ulikuwa umevunjika ukabaki kigutu, naye amepitisha ule utambara kwenye nondo ya grili akapiga fundo, kwa sababu usiku upepo wa Kaskazi ulikuwa ukilipigapiga mpaka alfajiri. Asubuhi kulifungua ilikuwa kazi nyingine. Vidole vyake vina baridi yabisi, fundo halifunguki, kwa hivyo siku nyingine huliacha hivyo hivyo akashinda na joto. Nawe ndugu msomaji unalijua joto la Februari ndani ya chumba kilichofungwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Mwanangu, fundi alikuja,” akasema. “Kasema ling’olewe lote, litiwe jipya. Nikaona nisikusumbue na gharama hizo.”

Niliazima bisibisi kwa jirani. Skrubu mbili, dakika tano, kigutu kikatoka mkononi mwangu. Fremu haikuwa na alama hata moja. Kilichokuwa kimekufa ni kipande cha madini kinachoenea kwenye kiganja, na fundi alitaka tung’oe ukuta kwa ajili yake.

Dirisha hilo ni la uPVC, ile plastiki ngumu nyeupe ambayo wengi wetu huiita plastiki tu. Mdogo wangu aliyeko Doha ndiye aliyelipia, miaka sita iliyopita, baada ya kuchoka kutuma pesa za kupaka rangi madirisha ya chuma yaliyokuwa yakiliwa kila msimu. Tuliambiwa haya hayashiki kutu, na ni kweli. Tusichoambiwa ni kwamba mkono wake si plastiki, kijiti kinachotoka nyuma ya mkono si plastiki, gia iliyofichwa ndani ya ubawa si plastiki, bawaba si plastiki wala skrubu si plastiki. Chumvi ya bahari haiulizi fremu ni ya nini. Inatafuta madini yalipo, na inayapata.

Nilipolisimulia jambo hili barazani baada ya Isha, huku kwetu Mlaleo, ndipo nikajua si Mama peke yake. Mmoja amefunga dirisha lake kwa waya wa stima. Mwingine analiegemeza tofali. Mwenzetu wa Chaani, Changamwe, amelipiga skrubu moja kwa moja kwenye fremu: sasa halipigwi na upepo, lakini halifunguki tena milele, na chumba hicho wanalala watoto watatu. Hapo nikaona niandike.

Mimi si fundi. Diploma yangu ni ya uhasibu, niliipata Mombasa Poly kabla haijawa chuo kikuu, na kitu pekee nilichofundishwa kule kinachonifaa hapa ni kupima na kuandika kabla ya kutoa pesa. Wala sisemi mafundi wetu ni waongo. Ila fundi hulipwa kwa dirisha zima, kwa ukubwa wake. Kwa mkono mmoja hapati kitu cha maana. Ukimuuliza anayeuza mashua kama mashua yako yazibika, usishangae na jibu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mgonjwa ni mkono. Wengi hununua mkono mpya, nao ukavunjika baada ya miezi mitatu, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwengine. Fungua dirisha, geuza mkono, utazame kwenye kitako chake. Mara nyingi kuna vifuniko viwili vidogo vya plastiki, juu na chini. Vibandue kwa ncha ya kisu. Ndani kuna skrubu mbili ndefu. Ukizitoa, mkono unachomoka pamoja na kijiti chake cha chuma cha pembe nne. Kijiti hicho ndicho kinachoingia kwenye gia na kuizungusha.

Sasa shika kijiti kwa plaizi, kirudishe kwenye tundu lake, ubawa ukiwa wazi, uzungushe pole pole. Tazama ukingo wa ubawa. Utaona vipingo vidogo vya chuma vikipanda na kushuka. Vikienda kwa ulaini, basi gia ni nzima na mkono ndio uliokufa. Kijiti kikizunguka lakini vipingo havisogei, gia imevunjika. Nayo hubadilishwa yenyewe, bila kugusa kioo wala fremu. Na ikiwa kinazunguka kwa taabu, gia imekauka au imeshika kutu. Tia mafuta mepesi, yale ya cherehani yanatosha, izungushe mara nyingi, iache usiku kucha, kesho uirudie. Usitie mafuta ya kupikia. Yataganda, yatashika vumbi, na utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Halafu tazama bawaba. Hili ndilo ambalo hata mimi sikulifikiria mpaka nilipoonyeshwa. Madirisha mengi haya hayana bawaba kama za mlango. Yana vyuma viwili vinavyoteleza, kimoja juu na kimoja chini. Vyuma hivyo vikijaa chumvi na mchanga huwa vizito, vikilegea ubawa unashuka kidogo upande mmoja. Ukiurudisha, pembe yake inagonga fremu na vipingo haviingii mahali pake. Wewe unadhani dirisha ni gumu, unashika mkono kwa nguvu zote na kuubana. Mkono unavumilia mwaka, unavumilia miwili, siku moja unakatika. Unalaumu mkono, kumbe bawaba ndiyo iliyouua.

Joto nalo lina sehemu yake. Plastiki hii hurefuka ikipata moto kuliko chuma au alumini. Fremu ya mita moja ikipanda nyuzi 20 hurefuka kwa zaidi ya milimita moja, na kwenye dirisha milimita moja ni nyingi. Dirisha linalopigwa na jua la alasiri linaweza kukataa kujifunga saa tisa, na saa mbili usiku likajifunga kama siagi. Kwa hivyo likikataa mchana usilipiganie. Ngoja lipoe.

Sasa vipimo. Hapa nina uchungu wangu, maana nilivuka feri mara tatu kwa ajili ya mkono mmoja. Kuvuka kwa miguu ni bure, alhamdulillahi, lakini ile ngoja-ngoja na ule msukumano wa jioni si bure. Mara ya kwanza nilinunua kwa macho. Nilipiga picha ya kigutu kwa simu, nikamwonyesha muuza duka mjini, akanipa mkono mweupe unaofanana nao kama pacha. Nilipofika kwa Mama, ukaingia vizuri, skrubu zikakaza, na nilipougeuza ukazunguka kama usukani wa gari la mtoto. Kijiti kilikuwa kifupi. Hakikufika kwenye gia.

Mara ya pili nikaenda na kipimo cha kijiti, nikarudi na mkono wa kushoto. Sikujua kwamba mikono ya madirisha ina kushoto na kulia. Ipo iliyonyooka, ambayo hufaa upande wowote, na ipo iliyopinda kidogo shingoni ili vidole visigongane na fremu. Iliyopinda ina upande wake. Ukiweka wa kushoto kulia, unapinda kuelekea palepale ulipotaka kupaepuka.

Mara ya tatu nilichukua kigutu chenyewe mfukoni, kimefungwa kwa karatasi, pamoja na rula. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza na ungenitosha kama ningepewa mapema: nenda dukani na mkono wa zamani, hata kama ni vipande.

Pima urefu wa kijiti kuanzia chini ya kitako cha mkono hadi ncha yake. Huwa kuna vya milimita 15, 20, 30, 40 na zaidi, na usikadirie kwa jicho. Kikiwa kifupi hakina dawa. Kikiwa kirefu kidogo, kitako hakitalala juu ya fremu, lakini hicho chaweza kukatwa kwa msumeno wa chuma, kisha ncha ikasuguliwa kwa tupa. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua, chukua kirefu. Unene wake kwa kawaida ni milimita 7 kila upande. Kisha pima kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya lile jingine. Kwa mikono ya mtindo wa Ulaya ni milimita 43, lakini yako madirisha yanayoingia kwetu kutoka kila pembe ya dunia, na muuza duka akikuambia “zote ni sawa, sheikh,” mwombe rula.

Kuna mkono wa namna nyingine kabisa, usio na kijiti wala gia. Huu una pua. Unapoufunga, pua inaingia nyuma ya kibati au kipande cha plastiki kilicho kwenye fremu, inabana, basi. Huu utauona kwenye madirisha mepesi zaidi, na babu yake ni ule wa madirisha ya chuma ya zamani. Hapa kipimo cha maana ni kimo cha pua, yaani kutoka chini ya kitako hadi chini ya pua. Mara nyingi ni kati ya milimita 9 na 21. Pua ikikaa juu mno haibani, na dirisha litagonga usiku kucha kama lile la Mama. Ikikaa chini mno haipandi, utailazimisha, na itachimba fremu. Angalia pia kile kipande inachobania. Mara nyingine mkono ni mzima kabisa, kipande hicho ndicho kilicholika, nacho ni kitu cha bei ndogo sana.

Ya kuteleza, ambayo nadhani ndiyo mengi zaidi huku bara, yawe ya uPVC au alumini, mara nyingi hufungwa kwa kitasa cha umbo la mwezi mwandamo. Hapo pima nafasi ya skrubu zake mbili na urefu wa ule mwezi unaoingia kwenye ndoana. Lakini kwanza fagia mchanga kwenye reli ya chini. Nimeona kitasa kikilaumiwa Bamburi mzima kwa sababu ya kijiko kimoja cha mchanga.

Na sasa jambo ambalo hutaliona kwenye karatasi yoyote ya maelezo inayokuja na mkono, kwa sababu walioutengeneza hawaishi Kisauni: grili. Madirisha yetu mengi hufunguka kwa nje, na grili iko ndani. Mkono unakaa katikati ya ubawa na nondo. Pima nafasi hiyo, kutoka kwenye uso wa ubawa hadi kwenye nondo, kisha uone mkono mpya umejitokeza kiasi gani, na ukigeuzwa unapita wapi. Mkono mrefu mzuri wa dukani unaweza kufika nusu ya mzunguko ukagonga nondo. Hata ukizunguka, je, ngumi yako inapita? Kwa Mama nafasi ilikuwa ndogo mno hata mimi nilikwaruzika vidole. Yeye alikuwa akifungua kwa ncha za vidole viwili, vidole vyenye maumivu, na ndiyo maana alikuwa hafungui mpaka mwisho. Tulichagua mkono mfupi wenye shingo iliyopinda, ukaenda upande usio na nondo. Ikiwa nyumba ndiyo kwanza inajengwa, mwambie anayechomelea grili aache nafasi ya kupitisha ngumi mbele ya mkono wa dirisha. Hilo halimgharimu kitu kabla hajachomelea.

Tuje kwenye madini yenyewe. Mikono mingi ya bei nafuu ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, imemiminwa kwenye kalibu, kisha ikapakwa rangi au ikang’arishwa. Ni mizito mkononi, yapendeza, na bara ya mbali kama Nakuru ingedumu miaka. Kwetu, rangi ikipata mkwaruzo mmoja chumvi inaingia, rangi inavimba kama lengelenge, na chini yake unakuta unga mweupe. Kigutu cha Mama kilikuwa hivyo. Pale kilipokatika ndani palikuwa kama chaki. Alumini iliyotiwa ngozi kiwandani au kupakwa rangi ya kuoka inavumilia zaidi.

Stenlesi ndiyo inayosifiwa, lakini kuna stenlesi na stenlesi. Ile ya kawaida huitwa 304. Karibu na bahari itapata madoa ya kahawia. Si kufa, ni kuchafuka. Ya pwani hasa ni 316, ambayo imeongezwa madini ya molibdeni ili kupigana na chumvi. Ni ghali zaidi. Kwa nyumba ya Miritini, mbali kidogo na mawimbi, nisingeihangaikia. Kwa dirisha la Shelly Beach, au lolote linaloona povu la bahari, ningeilipia, angalau kwa zile zinazopokea Kusi. Maana Kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, inakuja moja kwa moja kutoka baharini na inaleta chumvi usoni. Shaba nyeupe na shaba nyekundu msizidharau pia. Zinageuka rangi, zinakuwa kijani, lakini hazianguki.

Watu hupenda kupima kwa sumaku. Sumaku ikinata, yaelekea ni chuma cha kawaida kilichovishwa ngozi ya kung’aa, kiache. Isiponata, usishangilie: zinki hainati, alumini hainati, shaba hainati. Sumaku inakudokezea tu kile ambacho huenda si stenlesi, haikuambii kilicho stenlesi.

Na skrubu! Hapa ndipo wengi tunapojiua wenyewe. Tunalipa mkono wa maana, kisha tunaukaza kwa skrubu za chuma za kujaza kiganja. Baada ya mvua za masika mbili mistari ya kutu inateremka kwenye fremu nyeupe kama machozi ya wanja. Skrubu ziwe stenlesi. Ikiwa mkono ni wa alumini, paka grisi kidogo kwenye skrubu kabla ya kuikaza, kwa sababu stenlesi na alumini zikigusana penye chumvi na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

Kufunga kwenyewe ni kazi nyepesi kuliko kuchagua. Ikiwa skrubu za zamani zimegoma, usikimbilie drili. Tia mafuta, ziache usiku, kisha gonga kitako cha bisibisi kwa nyundo taratibu, mara kadhaa, uzungushe. Ikiwa kichwa cha skrubu kimelika, weka kipande cha mpira, hata cha tyubu ya baiskeli, kati yake na bisibisi, ubane kwa nguvu. Mkono wa zamani ukitoka, panguse pale kwa kitambaa chenye maji matamu. Nasema maji matamu kwa makusudi. Kisauni wengi wetu tuna maji ya kisima, na baadhi ya visima ni chumvi tupu. Ukisafisha chumvi kwa chumvi umefanya nini? Kikombe kimoja cha maji ya kunywa kinatosha madirisha yote ya chumba.

Kausha. Tia tone mbili za mafuta kwenye tundu la gia. Kabla ya kuingiza mkono mpya, hakikisha gia na mkono viko katika hali moja, yaani vyote “wazi” au vyote “fungwa”. Ukikosea hapa mkono utatazama juu wakati dirisha limefungwa. Ingiza kijiti, kaza skrubu zote mbili nusu nusu kwa zamu, kwa mkono, si kwa mashine. Plastiki ikikazwa kwa mashine uzi wake hukatika na skrubu inabaki kuzunguka bure. Jaribu mara kumi ubawa ukiwa wazi kabla ya kulifunga dirisha. Likikukwamia limefungwa, na grili iko mbele, utaijutia haraka yako.

Tahadhari moja ya dhati: usibadilishe skrubu kwa ndefu zaidi kwa kudhani zitashika vizuri. Nyuma ya fremu hiyo nyembamba kuna ukingo wa kioo. Mtu mmoja wa barazani kwetu alisikia “tik” ndogo alipokuwa akikaza. Asubuhi yake kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Nawe mpangaji, kubadilisha mkono kwa mkono ni sawa, lakini ukitaka kutoboa tundu jipya mwulize kwanza mwenye nyumba.

Lipo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nisilale nilipofikiria wale watoto watatu wa Chaani. Siku hizi mikono mingi inakuja na ufunguo. Wezi wetu wanajulikana: anapitisha fimbo yenye ndoana dirishani, anavua simu na suruali. Ukiwa chini, mkono wenye ufunguo una maana. Lakini ukifunga kwa ufunguo, ufunguo huo uko wapi saa nane za usiku, stima imepotea na chumba kimejaa moshi? Ukiwa kwenye pochi ya baba aliyelala kazini bandarini, dirisha hilo ni ukuta. Tundika ufunguo kwenye msumari ndani ya chumba hicho hicho, mbali na mkono wa anayesimama nje, karibu na mkono wa anayelala ndani, na kila mtoto mwenye akili aonyeshwe. Na katika kila nyumba yenye grili, angalau dirisha moja liwe na grili inayofunguka kwa bawaba, kufuli lake na ufunguo wake pale pale. Mkono mzuri hautamtoa mtu ikiwa nondo zimechomelewa pande zote nne.

Nilimpigia simu yule mwenzetu nikamwambia atoe zile skrubu alizopiga kwenye fremu. Akacheka kwanza. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya gia ya dirisha lake: ilikuwa nzima, imekauka tu. Kilichohitajika ni mafuta ya cherehani ya mke wake na mkono mpya wa kijiti cha milimita 30. Mashimo aliyotoboa ameyaziba kwa silikoni nyeupe. Yanaonekana, lakini watoto wanapata upepo.

Mama naye anafungua dirisha lake kwa kiganja sasa, si kwa vidole. Kila Ijumaa nikifika namwona amekwisha kulipangusa kwa kitambaa chenye maji matamu, na kitambaa chenyewe ni kile kile kipande cha leso. La jikoni bado. Lile ni la pua, na pua yake ni ya kimo ambacho sijakiona duka lolote mpaka leo. Jumamosi inshaAllah nitavuka tena, na safari hii mkono wa zamani uko mfukoni tangu nyumbani.